Mshahara wa Kasian Kule Chunya

Ukimkuta Kasian Mgaya amesimama katikati ya shamba, viganja juu ya mpini wa jembe, macho yamepotelea kwenye ukungu unaopanda kutoka mto Ruaha Mdogo, usihangaike kumwita. Hatasikia. Mkewe Tekla alikwisha kuzoea. Alikuwa akipita na kikapu chake cha mbegu, anamsukuma kidogo kwa kiwiko kama mtu anavyomsogeza ng'ombe njiani, naye Kasian anaendelea kulima pale pale alipoachia, wala haulizi kitu. Hakuwa mvivu, na atakayesema alikuwa mvivu simpi kiti nyumbani kwangu. Alikuwa mtu wa kuota mchana, basi. Kuna watu Mungu amewaumba hivyo.

Alirudi kijijini kwao, jirani na misheni ya Tosamaganga, mwishoni mwa mwaka hamsini na sita, baada ya miaka sita kwenye machimbo ya dhahabu ya Chunya. Alirudi na blanketi moja, sufuria mbili na maneno mengi. Mvua zilikuwa zimeanza, ulanzi, ile pombe ya mianzi, unatoka kwa wingi, na penye ulanzi mtu aliyetoka safari hulipa kwa kusimulia. Kasian alilipa vizuri. Aliwaambia watu kwamba kule Chunya yeye alikuwa nyapara. Alikuwa na filimbi ya chuma shingoni, akiipuliza watu themanini wanainuka. Alikuwa na buti, kitanda cha chuma, na chai ya maziwa asubuhi na jioni. Na mshahara? Hapo alikuwa anakiweka kikombe chini polepole. Shilingi mia mbili kila mwezi.

Ukweli ni kwamba Kasian alikuwa akisukuma kigari cha mawe kutoka mdomo wa shimo mpaka kwenye kinu cha kuyasaga, na mshahara wake ulikuwa shilingi thelathini na mbili.

Msimcheke. Hakuna mwanamume wa upande ule aliyerudi kutoka machimboni au kwenye mashamba ya katani akasema alikuwa anasukuma. Wote walikuwa manyapara. Ukiwasikiliza ungedhani Chunya nzima haikuwa na mtu wa kazi, na mawe yalikuwa yakijisukuma yenyewe. Tena Kasian, tofauti na wengine, hakuutunga uongo wake pale kwenye ulanzi. Alikuwa nao siku nyingi. Kila Jumapili kule kambini, wenzake wakienda sokoni, yeye alikuwa analala chali juu ya mkeka, anatazama nyasi za paa, na polepole filimbi inakuja shingoni, buti zinakuja miguuni, chai inakuja na mvuke wake. Mpaka jua linapozama alikuwa ameshaishi siku nzima ya nyapara. Kwa hiyo alipoisimulia nyumbani aliisimulia kama mtu anayekumbuka, na ndiyo maana waliamini.

Wa kwanza kuamini alikuwa mkwewe, mzee Marcelino, baba yake Tekla. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Maana kwa miaka yote sita, kila mwezi, shilingi ishirini zilikuwa zimefika kwa njia ya posta, nyingine za Tekla, nyingine za kumalizia mahari kwa mzee. Wakati ule ishirini zilikuwa ishirini, na watu walishukuru. Lakini baada ya kusikia habari za mia mbili, wakwe walianza kupiga hesabu upya. Mia mbili, na anatuma ishirini? Mama mkwe akaacha kumpelekea Tekla maziwa. Mzee Marcelino, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alisema mara moja tu, mlangoni mwa kanisa, akijua Kasian anasikia.

"Mkwe wangu ni kisima kirefu," alisema, "lakini kamba aliyotuachia sisi ni fupi."

Kasian alilimeza hilo. Angejibu nini? Kumwambia baba mkwe kwamba umemdanganya ni aibu ambayo haina mahali pa kuwekwa. Bora uitwe mchoyo.

Basi mwezi wa nne mwaka uliofuata, Crispin, karani wa baraza, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni na subira ndogo, aliwakusanya wanaume akawasomea habari ya kodi. Zamani kila kichwa kililipa sawa. Sasa kodi ingekwenda kwa madaraja, kila mtu kwa kipato chake. Aliyefanya kazi ya mshahara mwaka uliopita alete karatasi ya mwajiri wake inayoonyesha alilipwa nini. Asiye na karatasi atakadiriwa na kamati ya wazee watano, kwa yale wanayoyajua juu yake. Na mmoja wa wazee hao watano alikuwa Marcelino.

Kasian alijua kamati inajua nini juu yake. Inajua filimbi, inajua buti, inajua mia mbili. Kodi ya mtu wa mia mbili ilikuwa sawasawa na bei ya mtamba wao, ng'ombe pekee waliyekuwa naye, ambaye Tekla alikuwa akimlisha kwa mkono tangu akiwa ndama na sasa ana mimba ya kwanza. Kama si mtamba, basi ni kurudi tena kwenye vibarua vya mbali, na Kasian alikuwa amechoka kuiona nyumba yake kwa macho ya kufumba.

Karatasi ingemwokoa. Angempa Crispin mkononi, Crispin angetazama, angeandika thelathini na mbili, angeikunja, na pasingekuwa na haja ya mtu yeyote kufungua mdomo. Lakini karatasi hakuwa nayo. Kule machimboni mtu alikuwa anapewa kipande, kadi yenye vyumba thelathini, kila siku ya kazi chumba kimoja kinatiwa alama. Vikijaa vyote unakwenda mezani kwa bwana, unamrudishia kipande, anakupa fedha zako na kipande kingine kitupu. Kila mtu alifanya hivyo na hakuna aliyefikiri. Kasian alikuwa amefanya kazi miaka sita, na vipande vyake vyote, kuanzia cha kwanza mpaka cha mwisho, alikuwa amevirudisha kwa mkono wake mwenyewe.

"Nakwenda Chunya kwa Bwana Stavro," alimwambia Tekla. "Anaandika daftari, yule Mgiriki. Jina langu limo."

"Nenda," alisema Tekla. Aliuza kuku wawili na debe la mahindi, akampa nauli. Mzee Marcelino alipopata habari alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Alete," alisema. "Mimi pia nataka kuiona hiyo mia mbili kwa wino."

Basi lilitoka Iringa alfajiri, katikati ya mwezi wa tano, na lilikuwa likienda ndani ya ukungu kama mtu anayepapasa ukuta. Kasian aliegemea dirisha. Makambako ilipita, au labda haikupita, maana aliona tu moshi wa kuni, mwanamke mwenye blanketi, kisha weupe tena. Ukungu ulipokatika, uwanda wa Usangu ulikuwa umetandazwa chini, kijani na maji, na kwa mbali ng'ombe wasiotembea. Alisinzia. Katika kusinzia kwake Bwana Stavro alikuwa ameketi kwenye meza yake ile ya mbao, chini ya myombo, akamnyoshea karatasi. Kasian akaisoma: thelathini na mbili. Akaigeuza, ikawa mia mbili. Akaigeuza tena, haikuwa na maandishi, na Bwana Stavro akawa anamcheka kwa upole na kumwambia aandike mwenyewe anachotaka. Akaamka Chimala, shingo inauma, na hakuweza kusema kwa hakika ni ipi kati ya zile tatu aliyokuwa anaitamani.

Kutoka Mbeya alipanda lori la mzigo lililovuka mlima. Huko juu palikuwa na baridi ya kuumiza meno, mawingu yanavuka barabara mbele ya gari. Kisha barabara ikaanza kuteremka, na kila kona ukungu ulikuwa unapungua na vumbi linaongezeka, mpaka mwisho akashuka Chunya kwenye jua kavu alilokuwa amelisahau. Alitembea mpaka kambini. Aliisikia miguu yake ikiijua njia.

Kambi haikuwapo. Yaani miti ilikuwapo, shimo lilikuwapo limeingia maji ya mvua, na reli ya kigari ilikuwa imelala kwenye majani. Nyumba ya ofisi haikuwa na mlango wala bati. Kasian alisimama pale muda mrefu. Hata yeye, mtu wa kuona visivyokuwapo, hakuona kitu.

Aliyebaki alikuwa Mwanahawa, mwanamke wa Kilwa aliyeletwa Chunya na mume dereva, mume akafa, naye akabaki kuuza chai na maandazi njia panda. Alimtazama Kasian kwa makini wakati anammiminia chai.

"Wewe nakujua," alisema. "Wewe si yule uliyekuwa ukija kuomba maji? Jumamosi jioni. Unakunywa maji, unakaa pale kwenye gogo, unanusa maandazi yangu, unaondoka. Hujanunua hata siku moja, baba we. Nilikuwa nasema, huyu mchoyo huyu, Mungu amsamehe."

"Ni mimi, mama," alisema Kasian.

"Leo nakupa bure, basi. Nikuondolee laana."

Akamfungia maandazi mawili kwenye karatasi. Kasian alilila la kwanza, na alipolitoa la pili aliona, chini ya doa la mafuta, mistari myekundu na majina. Lutengano, shilingi thelathini na tano, dole gumba. Mika, shilingi thelathini, dole gumba. Aliinuka.

"Mama, hizi karatasi umezipata wapi?"

"Si za yule Mgiriki? Kaondoka mwezi wa kumi na moja, hata kuaga hakuaga, kaacha ofisi wazi. Mchwa wakala nusu, nusu nikachukua mimi. Huku hakuna magazeti, baba. Maandazi nitayafunga kwa nini, kwa majani ya myombo?"

Alikuwa bado na bunda moja chini ya meza, nene kama mto wa kulalia. Alimpa. Kasian alikaa kwenye gogo lile lile akaanza kuzigeuza moja moja, na mchana wote ukaenda hivyo. Wenzake walikuwa wanapita kwenye karatasi mmoja mmoja na madole yao. Huyu alikuwa akiimba shimoni. Huyu alikohoa mwaka mzima, mpaka siku moja mkeka wake ukakutwa umekunjwa. Huyu alikuwa na mke Rungwe aliyeitwa Tupokigwe, na jina hilo walilijua wote kwa sababu alikuwa akilitaja usingizini. Hakuna aliyezidi shilingi arobaini. Manyapara hawakuwamo, wao walikuwa na daftari lao. Kasian aliwaonea huruma wote, akasahau kidogo kwamba alikuwa anajitafuta mwenyewe. Alipofika karatasi ya mwisho alikuwa hajajiona.

"Labda wewe ulikwenda na maandazi ya mwezi wa Ramadhani," alisema Mwanahawa kwa kufikiri sana. "Ramadhani nauza mno, jioni watu wanagombania. Idi imepita juzi tu. Ungewahi."

Akataka kumpa karatasi ya Mika aende nayo, angalau asirudi mikono mitupu. Kasian alimrudishia. Ile ilikuwa ya Mika, na Mika naye huenda siku moja angekuja kuitafuta.

Wiki mbili baadaye kamati ilikaa kwenye jengo la baraza. Wazee watano walikuwa kwenye benchi, Crispin mezani na daftari lake, wanaume wamejaa ndani, na wanawake nje kwenye madirisha, Tekla akiwa mmoja wao. Kasian alipoitwa alisimama mbele akasema karatasi haikupatikana. Bwana amekwenda, daftari limeisha.

"Basi tutakadiria," alisema Crispin, akachovya kalamu. "Wazee wanajua nini kuhusu huyu?"

Mzee mmoja alikohoa akasema kila mtu anajua, mtu huyu alikuwa nyapara, alikuwa anapokea mia mbili, kasema mwenyewe. Wengine wakakubali. Wengine walimtazama Kasian hata kwa kumsifu, maana kijiji kilikuwa kimeipenda ile filimbi. Crispin alianza kuandika.

Kasian aliiangalia ile kalamu. Aliona mtamba akitolewa zizini kwa kamba. Aliona pia, akifungua mdomo, uso wa mkwewe, na vichwa vyote vile dirishani, na mkewe katikati yao. Alitamani sana ukungu uingie mle ndani uwafunike wote. Haukuingia. Jua lilikuwa linawaka vizuri tu.

"Msiandike hiyo," alisema. "Nilisema uongo."

Kalamu ikasimama.

"Sikuwa nyapara. Nilikuwa nasukuma kigari cha mawe. Sikuwa na filimbi. Nililipwa thelathini na mbili kwa mwezi, nakatwa kumi ya posho ya unga. Hiyo mia mbili niliiota."

Mtu mmoja nyuma akacheka, na baraza zima likapasuka. Crispin naye alicheka, akafuta jicho. "Bwana Kasian," alisema, "tangu asubuhi wewe ni mtu wa saba. Kwenye ulanzi nyote matajiri, kwenye kodi nyote maskini. Nani anaamini hapa?"

Hakuna aliyeamini. Hilo Kasian hakuwa amelifikiria. Alikuwa ameiogopa aibu ya kuaminiwa, na sasa alipata aibu mbili, ya kusema na ya kutosadikiwa. Alisimama pale mikono ikining'inia, masikio yanawaka moto. Crispin akainamia tena daftari.

"Ngoja, karani," alisema Marcelino.

Alikuwa anatazama sakafu. Watu walinyamaza kwa sababu mzee huyu hakuwa na desturi ya kusema.

"Zile ishirini," alimuuliza Kasian, "ulikuwa unatuma tarehe ngapi?"

"Siku ya mshahara yenyewe, baba. Kabla sijafika kambini nazo."

"Ndivyo. Zilifika kila mwezi. Miaka sita, hata mwezi mmoja haukuruka, hata mwaka ule wa njaa. Mimi nilikuwa askari wakati wa vita, mnajua. Nilikwenda mpaka Burma. Fedha nilikuwa nazo nyingi, kuliko mtu yeyote humu. Nilituma nyumbani hamsini mara moja, wakashangilia. Halafu nikasahau miezi minane. Mama yangu alikufa katika miezi hiyo. Mtu mwenye mia mbili hatumi ishirini kila mwezi asikose. Mtu wa mia mbili anatuma siku akikumbuka. Anayetuma hivi ni mtu anayejua kila shilingi iko wapi, kwa sababu anazo mbili tatu tu."

Hakuna aliyecheka tena. Nje Tekla alikuwa ameshika nondo za dirisha kwa mikono yote miwili. Kasian aliona midomo yake inatikisika kwa hesabu, anatoa kumi, anatoa ishirini.

"Andika thelathini na mbili," Marcelino alimwambia karani, na wazee wenzake wakaitikia mmoja mmoja. Crispin akakata mstari juu ya kile alichokuwa ameanza, akaandika upya. Akamwita mtu mwingine. Lakini Marcelino alikuwa bado hajamaliza. Alikuwa amemkazia macho mkwewe kama anamwona siku ya kwanza, mifupa ya mabega, shingo, mashavu.

"Zilikuwa zinabaki mbili," alisema polepole. "Miaka sita. Ulikuwa unakula nini, mwanangu?"

Hakuwa amewahi kumwita hivyo. Kasian alitaka kujibu kwamba posho ilitosha, kwamba alikuwa analala sana siku za Jumapili na mtu aliyelala hasikii njaa. Lakini akabaki anafuta uso kwa mkono wa shati mbele ya watu wote, mtu mzima na ndevu zake.

Marcelino aliinuka kwenye benchi kamati ikiwa bado inaendelea. Crispin alimwambia mzee, kikao hakijafungwa. Mzee akamjibu wanne wanatosha. Akamshika Kasian mkono akamtoa nje, na Tekla akawafuata nyuma, khanga mdomoni. Walipanda mpaka nyumbani kwa wazee. Jogoo mkubwa, yule aliyekuwa anawekwa kwa ajili ya Pasaka ijayo, alichinjwa saa ile ile.

Mkwe hali chakula mbele ya mama mkwe wake, hiyo ni desturi na hata siku ile haikuvunjwa. Kasian aliwekewa chakula sebuleni, Marcelino akakaa mkabala naye bila kula, na mama mkwe akabaki jikoni nyuma ya ukuta wa fito. Ugali ulikuwa unatoa mvuke. Kasian alikula kwanza kwa aibu, kisha kwa njaa. Alikula bila kuinua macho, tonge baada ya tonge, naye mzee alikuwa anamtazama tu. Nje ukungu wa jioni ulikuwa umeanza kupanda kutoka mtoni, lakini Kasian hakuutazama.

Kutoka nyuma ya ukuta sauti ya mama mkwe ikauliza, kwa upole ambao Tekla hakuwa ameusikia tangu mvua zianze, "Ameshiba?"

"Bado," alijibu Marcelino. "Lete tena."